Ufadhili Upi Umfae Mwanafunzi wa Kusini? Ulinganisho kwa Mzazi na Mlezi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka, majina ya wanaojiunga na kidato cha tano yanapotangazwa, hunifikia nyumbani Masasi wazazi na walezi wakiwa wameshika fomu ya kujiunga iliyochapwa stesheneri, wakitaka kujua jambo moja: mtoto aombewe ufadhili wapi. Nimefundisha sekondari za mikoa hii miwili kwa miaka mingi, na sasa ni mjumbe wa bodi ya shule ya kata, kwa hiyo swali hilo nimelijibu mara nyingi. Miaka ya mwanzo nililijibu vibaya, maana nilikuwa nikitaja ufadhili wenye fedha nyingi kuliko mwingine. Siku hizi huanza kwa kumwuliza mzazi swali langu: mtoto huyu akiacha shule, atakuwa ameacha kwa sababu gani, na katika mwezi gani? Jibu la swali hilo ndilo linalotuonyesha ni msaada upi umfae, na ndicho kipimo nitakachokitumia hapa kulinganisha njia zilizopo.

Nianze na kile ambacho hakimtoi tena mtoto shuleni, kwa kuwa bado wapo wafadhili wenye nia njema wanaoahidi kulipa kitu ambacho hakidaiwi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji wake ukaanza Januari 2016. Kabla ya hapo mwanafunzi wa sekondari ya kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni shilingi 70,000. Bajeti ya mwaka 2022/23 ikaondoa pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa shule ya kata anayeacha masomo leo, awe wa Nanyamba au wa Mchinga, hajatolewa na ada. Ametolewa na viatu vilivyokwisha soli, na sare aliyoirithi kwa kaka yake ambayo sasa inachanika kila anapoinama, na chakula cha mchana ambacho nyumbani hawakuweza kuchangia, na kodi ya chumba alichopangishiwa karibu na shule. Akifaulu kwenda kidato cha tano, anatolewa na ile orodha ndefu ya fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, sare mbili, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, na nauli ya kwenda mkoa ambao pengine hajawahi kuukanyaga.

Utafiti uliofanyika Ghana unasaidia kulielewa jambo hili. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo Esther Duflo na Michael Kremer waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, waliwafuatilia vijana 2,064 waliofaulu kuingia sekondari ya juu lakini wakashindwa kujiandikisha kwa kukosa fedha. Kwa bahati nasibu, vijana 682 kati yao walipewa ufadhili wa ada wa miaka minne. Waliofadhiliwa walimaliza shule kwa wingi kuliko wenzao, na wasichana miongoni mwao walichelewa kuzaa. Ufadhili ule ulizaa matunda kwa kuwa wakati ule, nchini mwao, mlango uliofungwa ulikuwa ada yenyewe, na Ghana haikuifuta katika sekondari ya juu hadi mwaka 2017. Magharibi mwa Kenya hali ilikuwa nyingine: ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2003, na utafiti uliofanyika katika shule 328 ulionyesha kwamba kumpa mwanafunzi sare ya bure kulipunguza idadi ya walioacha shule, na kukapunguza mimba za wasichana pia. Hali yetu ya sasa inafanana na hiyo ya Kenya zaidi kuliko ya Ghana. Ndiyo maana mfadhili anayeleta jozi ya viatu na sare katika mwezi unaofaa anaweza kumsaidia mtoto wetu kuliko anayeleta hundi ya ada.

Fedha ya Kusini ina majira

Nimesema mwezi unaofaa, na ni lazima nieleze, kwa kuwa mifuko mingi ya ufadhili huandaliwa mbali na watu wasioijua kalenda ya mkulima wa huku. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba hupata fedha kuanzia Oktoba minada inapoanza, na hadi mwisho wa mwaka chama cha msingi cha ushirika huwa kimeshamlipa sehemu kubwa. Januari shule zinapofunguliwa, nyumba hiyo ina uwezo wa kununua daftari. Shida yake huanza Machi na kuendelea, na inapofika Julai, mwezi ambao kidato cha tano huripoti, mzazi huyo anahangaika na kazi ya kupulizia mikorosho na mfukoni hana kitu. Hapo ndipo wengine huuza korosho ingali maua kwa kangomba, yaani huchukua fedha kidogo leo kwa ahadi ya kumpa mnunuzi korosho msimu ukifika, kwa kipimo na bei vinavyomwumiza muuzaji. Nimewajua wazazi waliompeleka mtoto shule kwa njia hiyo na mwaka uliofuata wakashindwa kumrudisha, kwa sababu mavuno yalikuwa yameshakwenda kwa watu.

Mkulima wa ufuta wa Liwale, Nachingwea au Kilwa ana kalenda nyingine. Minada ya ufuta huwa katikati ya mwaka, hivyo Julai kwake si mwezi mbaya, ila Januari humkuta amekwisha tumia. Familia mbili zenye umaskini unaolingana zinaweza kuhitaji misaada miwili tofauti kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kuomba popote, mzazi aandike kwenye karatasi miezi ambayo nyumba yake huwa na fedha na miezi ambayo haina, kisha aulize kila mfuko: je, fedha zenu hutoka lini? Mfuko unaotoa fedha Novemba kwa mtoto wa nyumba ya korosho unaongeza neema juu ya neema, ilhali ule utakaotoa hata nusu ya fedha hizo mwezi Juni utamfikisha shule.

Fedha ya kaya, na ufadhili wa mtoto mmoja

Njia mbili zinazokutana mara nyingi vijijini mwetu ni ruzuku ya kunusuru kaya maskini inayotolewa kupitia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na ufadhili wa mwanafunzi mmoja mmoja unaotolewa na mashirika, makanisa, misikiti au watu binafsi. Watu huzilinganisha kwa ukubwa wa fedha na kuona kwamba ya kwanza haina maana. Naona wanakosea, na nitajaribu kueleza kwa nini, bila kuficha udhaifu wa njia hiyo.

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya ukazinduliwa mwaka 2012. Katika awamu yake ya kwanza kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na juu yake kiasi chenye masharti kwa kila mtoto anayesoma: shilingi 2,000 kwa wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 6,000 kwa wa kidato cha tano na cha sita, huku jumla ya kaya isizidi 38,000 kwa mwezi. Sharti la elimu ni kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na asipofikisha, sehemu ya ruzuku hukatwa. Malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili. Kwa mtoto wa kidato cha pili, basi, hesabu ilikuwa shilingi 48,000 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho hakitoshi kumvisha, kumlisha na kumpangishia.

Hata hivyo, fedha hiyo ina sifa tatu ambazo ufadhili wa mtoto mmoja hauna. Ya kwanza ni kwamba huingia nyumbani, mara nyingi mikononi mwa mama, na hivyo huwagusa watoto wote wa nyumba ile, akiwemo yule wa darasa la tatu ambaye hakuna shirika linalomwona kwa kuwa bado hajafaulu mtihani wowote. Ya pili, huja mara kwa mara, na kitu kidogo kinachokuja kila baada ya miezi miwili humsaidia mama asiuze korosho maua. Ya tatu ni sharti lenyewe la mahudhurio. Nimeona walimu wakuu wakilalamika kuhusu kujaza fomu zake, lakini nimeona pia mzazi akimwondoa mtoto kwenye kazi ya kufukuza ndege shambani kwa sababu siku za mahudhurio zilikuwa zinapungua. Kwa mtoto wa shule ya msingi, au wa kidato cha kwanza anayelala kwao, naipa fedha ya kaya nafasi ya kwanza.

Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuiomba siku unapoihitaji. Kaya hutambuliwa katika mkutano wa kijiji wakati wa uandikishaji, na aliyefiwa na mume au kuugua baada ya zoezi hilo husubiri zoezi jingine. Kaya ikionekana imeimarika hutolewa kwenye orodha, na mara nyingine hutolewa mtoto akiwa kidato cha tatu. Zaidi ya hayo, ruzuku haina mtu wa kumwuliza binti huyu: mbona wiki hii hukuja shule?

Hapo ndipo ufadhili wa mtoto mmoja mmoja unapokuwa na nguvu, ikiwa umepangwa vizuri. Nitoe mfano wa CAMFED, shirika lililoanzishwa mwaka 1993 na kuanza kazi zake Zimbabwe, kisha likaingia Tanzania mwaka 2005. Silitaji kwa sababu ndilo pekee. Nalitaja kwa sababu utaratibu wake unaweza kuigwa hata na mfuko mdogo wa kata. Wasichana huchaguliwa kwa kushirikisha shule na jamii inayowajua, msaada hulipia yale yanayomzuia msichana husika kuhudhuria, na kila shule huwa na mwalimu mlezi wa kumfuatilia. Wapo pia wasichana waliomaliza kidato cha nne kwa msaada huohuo, ambao hurudi shuleni kama walezi wa kujitolea na kukaa na wanafunzi wadogo, kisha wao wenyewe hupata nafasi ya mkopo usio na riba wa kuanzishia biashara. Mambo hayo matatu, yaani kuchagua kwa uwazi, kulipia kizuizi halisi, na kuwa na mtu anayemfahamu mtoto kwa jina, ndiyo ninayoyatafuta katika ufadhili wowote wa aina hii, na ukikosa hilo la tatu huwa nasita kuupendekeza kwa msichana.

Mzazi aulize pia mambo ambayo mara nyingi tunaona haya kuyauliza. Je, ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au umeahidiwa hadi kidato cha nne au cha sita? Akifeli mtihani wa kidato cha pili na kukariri, utaendelea? Fedha hulipwa kwa shule, kwa duka la sare, au kwa mzazi? Mfadhili akijitoa, kuna akiba? Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha wafadhili kiliwahamisha watoto wanne wa kata yetu na kuwapeleka shule binafsi ya bweni mkoa mwingine. Tulishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioandika barua ya shukrani. Walipofika kidato cha tatu fedha zilikatika bila taarifa, shule ikawarudisha, na watoto wakajikuta hawana nafasi katika shule ya kata waliyoiacha wala hawawezi kwenda sambamba na masomo yake ya baiolojia na fizikia, kwani walikuwa wamezoea vitabu na walimu wengine kabisa. Wawili tuliweza kuwaingiza tena kwa kuhangaika na ofisi ya elimu. Wawili hawakurudi.

Tangu hapo, nikiwekewa mbele shilingi milioni mbili za kumsomesha mtoto mmoja shule binafsi ya mbali, na kiasi hichohicho cha kuwavisha na kuwalisha watoto kumi katika shule ya kata kwa mwaka, nachagua la pili bila kusita, isipokuwa mfadhili awe ameweka mkataba na fedha za miaka yote. Najua wapo wanaonipinga, wakisema shule za kata hazina walimu wa sayansi wa kutosha na mtoto mwenye kipaji anapotea. Hoja yao ina uzito. Ila wanapaswa kunijibu nani atambeba mtoto huyo mwaka wa tatu.

Chumba cha kupanga, au hosteli

Jambo hili nalitenga kwa sababu ndilo linalowatoa wasichana wetu shuleni kuliko jambo jingine lolote nililolishuhudia. Shule za kata zipo, lakini kata zetu ni kubwa na vijiji vimetawanyika, hasa upande wa Liwale na Kilwa, na mtoto wa miaka 14 hawezi kutembea umbali ule kila siku asubuhi na jioni. Mzazi humpangishia chumba karibu na shule, ambacho wanafunzi wenyewe hukiita gheto. Humo mtoto hupika mwenyewe, hulala bila mtu mzima, na unga ukiisha siku ya Jumatano hutafuta wa kumpa. Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, nami naiunga mkono, lakini sheria hiyo hufika wakati madhara yameshatokea.

Ufadhili wa kulipia kodi ya chumba unaonekana kuwa msaada wa haraka, na mzazi aliyekata tamaa huupokea kwa mikono miwili. Namwomba aufikirie mara mbili. Fedha ileile ikikusanywa kwa wazazi kumi na watano inaweza kumlipa mama mmoja mwenye heshima kijijini akae na wasichana katika nyumba moja, awapikie na kufunga mlango saa mbili usiku. Ikiwa shule ina hosteli ya jamii iliyojengwa ikakaa bila vitanda, mfadhili aelekezwe kwenye vitanda na posho ya matroni. Kwa mvulana tofauti ni ndogo kuliko kwa msichana, ingawa nao wanaharibikiwa magheto, na hatuwasemi vya kutosha.

Linganisho hili linahusu pia wana wa Kusini walioko Dar es Salaam na kwingineko, ambao kila Desemba hutuma fedha kwa ajili ya mpwa au mjukuu. Wengi wao wakiunganisha fedha zao kwa ajili ya hosteli ya shule waliyosoma, watakuwa wamemsaidia mpwa huyo pamoja na wenzake darasa zima.

Mfuko wa chama cha msingi au wa kijiji

Kuhusu mfuko wa wenyewe sitasema mengi, kwa sababu ubora wake unategemea watu waliopo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ulioanzia huku kwetu katika msimu wa 2007/08, umefanya malipo ya korosho yapite kwenye chama cha msingi, na hilo limerahisisha wanachama kukubaliana kwenye mkutano mkuu kukata kiasi kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya elimu. Faida yake ni kwamba waamuzi wanaijua njaa ya nyumba husika na fedha iko karibu. Hasara yake ni kwamba bei ikianguka au mvua ikiharibu maua, mfuko unadhoofika mwaka uleule ambao wanafunzi wanauhitaji zaidi. Tena mtoto wa asiye na mikorosho, yaani kibarua na mjane, anaweza kusahaulika, kwa kuwa mzazi wake si mwanachama. Kama kijiji chenu kinaanzisha mfuko, sharti la kwanza liwe kwamba mtoto wa asiye mwanachama anaweza kuomba, na la pili kwamba theluthi moja ya makusanyo ya mwaka mzuri isiguswe hadi mwaka mbaya.

Aliyekwisha kutoka shuleni

Wazazi wengi huniuliza kuhusu anayesoma, wachache huniuliza kuhusu binti aliyeko nyumbani na mtoto mgongoni. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Kwa binti huyu zipo njia tatu za kulinganisha, na ufadhili wa kila moja ni wa aina yake.

Ya kwanza ni kurudi katika shule yake. Inafaa kama ana miezi michache tu nje, kama kuna bibi au shangazi wa kukaa na mtoto, na kama mwalimu mkuu ni mtu wa kumlinda dhidi ya maneno ya wenzake. Mfadhili mwenye busara hapa hulipia maziwa ya mtoto na malipo kidogo ya anayemlea, jambo ambalo mifuko mingi hailiorodheshi kabisa kama hitaji la elimu. Ya pili ni elimu nje ya mfumo rasmi kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambapo anaweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa na kisha wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Gharama yake ya kila siku ni ndogo, lakini inataka nidhamu kubwa, na nimeona wengi wakilegea msimu wa mavuno unapofika. Ya tatu ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo nchini viko 54 na huku kwetu kimojawapo kiko hapa Masasi. Katika mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatishwa masomo hurudia sekondari na kujifunza ufundi, na mama hupata pa kumwacha mtoto wake chuoni wakati wa vipindi.

Kwa binti mwenye mtoto mchanga na asiye na ndugu wa karibu, hiyo ya tatu naiona bora kuliko zote. Kwa kijana wa kiume aliyeacha kidato cha pili akaenda kuendesha bodaboda mjini, ambaye hataki tena kusikia kengele ya shule, sitabishana naye kuhusu kidato cha nne. Chuo cha ufundi stadi cha VETA, Mtwara au Lindi, kitamfaa, na mfadhili amlipie vifaa vya fani pamoja na nauli, kwa sababu fundi anayehitimu bila kisanduku cha vifaa hurudi kwenye bodaboda ileile.

Baada ya kidato cha sita: mkopo na ufadhili wa ufaulu

Hapa njia kubwa ni mbili, na wazazi huzichanganya. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na tangu mwaka 2023/24 umewafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, hauna marejesho na hutolewa kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu zaidi katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Mtoto maskini mwenye daraja la kwanza la masomo ya sanaa hahusiki na ufadhili huu, hata awe yatima, na asipoteze muda kuusubiri.

Mkopo unawaogopesha wazazi wetu, kwa kuwa neno lenyewe linawakumbusha kangomba. Nawaeleza tofauti. Marejesho huanza baada ya miezi 24 tangu kuhitimu, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikililimbikiza deni iliondolewa mwaka 2021. Kijana mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 atakatwa 105,000 kila mwezi hadi deni liishe. Ni kiasi kizito kwa anayewatunza pia wadogo zake, na nisingependa mtu aingie bila kukijua. Lakini kwa mtoto wa nyumba ya korosho aliyedahiliwa kusomea uuguzi, naona mkopo una uhakika kuliko kumsubiri mfadhili binafsi ambaye hajaandika chochote.

Ugumu wa mkopo uko kwenye nyaraka, na huku ndiko watoto wetu wanaopaswa kuupata wanapokosa. Cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, na yatima ahakikiwe cheti cha kifo cha mzazi, ilhali wazee wengi walizikwa kijijini bila kuandikishwa popote. Mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa mganga. Aliyetoka kaya ya TASAF anahitaji namba ya kaya, na aliyefadhiliwa sekondari anahitaji barua ya mfadhili wake inayothibitisha hivyo. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati ambao mhitimu anaweza kuwa kambini JKT na mzazi yuko shambani hana mtandao, na cheti cha kifo hakipatikani kwa wiki moja.

Ndiyo maana mtoto anapoingia kidato cha kwanza humwomba mzazi atenge bahasha moja ya nailoni, maana nyumba nyingi huvuja masika, na ndani yake aanze kuweka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo kama mzazi mmoja hayupo, nakala ya namba ya kaya, na barua ya kila mfadhili aliyewahi kumlipia mtoto huyo kitu, iwe ni shirika au mjomba aliyenunua sare kwa miaka miwili mfululizo, yenye tarehe, kiasi na saini. Wanaokuja na bahasha hiyo kidato cha sita kinapoisha, tunakaa stesheneri asubuhi moja na maombi yanakamilika kabla ya adhuhuri.